Mvua Inayochagua: Historia ya Kuyaelewa Mawingu ya Radi katika Nchi ya Musoma, Bunda na Butiama

Katika nchi iliyo kati ya Ghuba ya Speke na Mto Mara, ambayo leo imegawanyika katika Musoma, Bunda na Butiama, mvua ya kawaida si ile inayofunika eneo zima kutwa kucha, bali huletwa na makundi ya mawingu ya radi yanayovinyeshea vilima fulani kwa saa chache na kuviacha vilima jirani vikiwa vikavu, kiasi kwamba mkulima wa mtama wa upande mmoja wa bonde huweza kupanda wakati mwenzake wa ng'ambo angali anayatazama mawingu yakipita. Sababu ya upendeleo huo imetafutwa hapo kwa vizazi vingi, kwanza na waganga wa mvua na watawala wa koo, kisha na maofisa wa kikoloni waliokuja na vipima mvua, na mwishowe na wanasayansi wa setilaiti na kompyuta, ambao wamegundua kwamba namna mawingu ya tropiki yanavyojipanga haitenganishiki na kiasi cha unyevu uliomo hewani. Jambo linalojitokeza katika historia hiyo ni kwamba waganga wa mvua, pamoja na makosa yao yote kuhusu chanzo cha mvua, waliufahamu ukubwa halisi wa eneo ambalo mvua hulihusu, ilhali takwimu za serikali zilizowafuata ziliuficha kwa muda mrefu.

Umbo la nchi ndilo linalotangulia katika maelezo haya. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na uso wake uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake nchi hupanda kuelekea Serengeti, milima ya Tarime na, ng'ambo ya mpaka, nyanda za juu za Kenya. Musoma imekaa kwenye rasi inayoingia ziwani karibu na mahali Mto Mara unapomwaga maji yake, Bunda iko jirani na Ghuba ya Speke, pale ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti unapoukaribia ufuko, na Butiama iko bara kidogo, katika vilima vya Wazanaki. Mvua ya mwaka katika pembe ya kusini-mashariki ya Serengeti ni milimita 500 hivi, nayo huongezeka kadiri mtu anavyosogea kaskazini-magharibi hadi kupita 1,000. Lakini Musoma yenyewe, ingawa imezungukwa na maji pande zake nyingi, hupata milimita 850 tu kwa wastani, wakati Bukoba, iliyo kwenye ufuko wa pili wa ziwa hilo hilo na karibu katika latitudo ile ile, hupata takribani 2,000. Kama wingi wa maji yaliyo karibu ungetosha kuleta mvua, tofauti hiyo isingekuwapo.

Wakazi wa zamani wa nchi hii hawakuhitaji namba ili kuliona jambo hilo. Kwa Waikizu, ambao nchi yao imo katika Wilaya ya Bunda, masimulizi ya asili humtaja Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma akiwa na elimu ya mvua, na Isamongo, mwindaji aliyemiliki elimu ya moto. Wawili hao walipokutana na kupimana nguvu, mvua iliushinda moto, na utemi ukawa wa ukoo wa mvua. Masimulizi hayo yaliandikwa kwa Kiswahili na wenyeji wenyewe, P. M. Mturi na S. Sasora, na mwanahistoria Jan Bender Shetler akayatoa mwaka 2003 pamoja na historia nyingine za Mkoa wa Mara zilizoandikwa na wazee wa huko. Msomaji wa leo huenda akaishia kuyasoma kama kisa cha asili ya utawala, na kweli ni kisa cha namna hiyo, ila ndani yake imo pia kanuni ya kisiasa iliyokuwa na uzito mkubwa katika maisha ya kila siku: mtawala aliwajibika kwa mvua ya nchi yake, na nchi yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu kwa siku moja au mbili.

Udogo huo una maana kuliko unavyodhaniwa. Wingu moja la radi huwa na upana wa kilomita tano hadi kumi, na kundi dogo la mawingu huacha alama ya mvua juu ya eneo linalokaribiana na utemi mmoja wa Mara ya zamani. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kabisa kwa watu wa eneo moja kuona kwamba jirani amenyeshewa nao hawakunyeshewa, na ilikuwa vigumu kwao kuamini kwamba jambo lililogawanyika kwa mipaka ya wazi namna ile halikuwa na mkono wa mtu. Sifa ya mganga wa mvua ilipanda au kushuka kwa ulinganisho huo. Mahali ambapo mvua hunyesha sawasawa katika mkoa mzima, kazi ya namna hiyo isingekuwa na soko.

Historia ya Butiama inahifadhi kumbukumbu nyingine ya hali ya hewa, nayo imo katika majina ya familia iliyotawala huko. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa katika karne ya 19, alipewa jina la Nyerere, yaani kiwavi, kwa sababu nchi ilikuwa imevamiwa na viwavijeshi. Na mwanawe aliyezaliwa Aprili 1922, katikati ya masika, akaitwa Kambarage, jina la pepo anayehusishwa na mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha siku hiyo. Majina hayo mawili yanaonekana kuwa mbali, moja la balaa na lingine la neema, lakini utafiti wa wadudu uliofanywa Afrika Mashariki katika nusu ya pili ya karne ya 20, ambao kituo chake kikuu kilikuwa Muguga karibu na Nairobi, uliyaleta pamoja bila kukusudia. Nondo wanaozaa viwavijeshi husafiri usiku kwa kubebwa na upepo, na pale ambapo pepo mbili hukutana kwenye ukingo wa kundi la mawingu ya radi, wadudu waliokuwa wametawanyika angani hukusanywa mahali pamoja na kuteremshwa na mvua juu ya majani mapya, ambako hutaga mayai yao. Ndiyo maana uvamizi mkubwa huzuka mara nyingi baada ya mvua za kwanza zinazofuata ukame, na ndiyo maana unaweza kuliangamiza shamba la ulezi huku shamba la mbali kidogo likisalimika. Mchakato uleule unaokusanya maji hukusanya na balaa.

Utawala wa Waingereza ulileta namna nyingine ya kuhesabu. Mwaka 1929 huduma ya hali ya hewa ya makoloni ya Afrika Mashariki iliundwa, makao yake yakiwa Nairobi na mkuu wake wa kwanza akiwa Albert Walter, mtaalamu wa takwimu aliyetokea Mauritius. Kazi yake kubwa ilikuwa kusambaza vipima mvua katika vituo vya serikali, misheni na mashamba, na kukusanya vipimo vyake kwa utaratibu mmoja. Chombo chenyewe kilikuwa cha kawaida mno: mtungi wa shaba wenye mdomo wa mviringo wa inchi 5, faneli ndani yake, na chupa chini ya faneli. Kila asubuhi saa tatu mtu aliyepewa kazi hiyo, ambaye mara nyingi alikuwa karani, mwalimu au tarishi, aliimimina mvua ya siku iliyopita katika bilauri yenye mistari, akasoma kipimo na kukiandika kwenye daftari. Namba hiyo ilikuwa sahihi kwa mdomo ule wa inchi 5, lakini haikusema chochote kuhusu kilima kilichokuwa kilomita nane kutoka hapo, wala haikusema kama mvua ilishuka jioni, usiku wa manane au alfajiri.

Kwa pwani ya Mara, saa ya mvua ndiyo yenye maelezo yote, nayo ndiyo iliyopotea katika daftari la saa tatu asubuhi. Vipimo vya siku vilijumlishwa kuwa vya mwezi, vya mwezi vikawa vya mwaka, na vya miaka vikawa wastani uliowekwa kwenye ramani kwa mistari laini, kana kwamba mvua ya Mara ilipungua polepole kutoka eneo moja hadi jingine. Hakuna mkulima wa Bunda aliyewahi kuiona mvua ya namna hiyo. Haifai kuwalaumu mno waliochora ramani hizo, kwa kuwa bila madaftari yao kusingekuwa na historia yoyote ya mvua inayopimika, lakini ni haki kusema kwamba walikuwa wakilijibu swali la mtoza kodi na mpanga zao la pamba, ambaye alitaka kujua wilaya itapata mvua kiasi gani, wakati mkulima aliuliza itanyesha wapi.

Ziwa lenyewe lilikuwa kipima mvua kikubwa kuliko vyote, kwa sababu takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia humo hutoka moja kwa moja angani, na sehemu kubwa ya yanayotoka hurudi huko huko kama mvuke. Kina chake kilikuwa kikipimwa upande wa Uganda tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1923 mtaalamu wa London, C. E. P. Brooks, alitangaza kwamba kupanda na kushuka kwa maji kulifuata mzunguko wa madoa ya jua. Ulinganisho wake ulipendeza sana. Miaka michache baadaye ziwa likaacha kuufuata. Kisha ikaja vuli ya mwaka 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba, mvua zikanyesha kwa wingi usiokuwa umeandikwa katika madaftari, na hadi Mei 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Katikati ya mafuriko hayo, mwaka 1963, serikali mpya ilifuta utawala wa machifu nchini, na kwa hatua hiyo cheo cha kisheria cha watemi, wakiwamo wale ambao heshima yao ilitokana na mvua, kikakoma wakati ambapo maji yalikuwa mengi kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai alivyopata kuyaona.

Mafuriko hayo yaliwalazimu wataalamu kuuliza mvua ya ziwani hutengenezwaje. Mwaka 1966 Hermann Flohn na Klaus Fraedrich wa Ujerumani waliueleza mzunguko wa upepo wa kila siku juu ya Ziwa Victoria, na mwaka 1970 F. E. Lumb, wa idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, akaonyesha jinsi milima ya pembeni inavyochangia radi za eneo hilo. Kwa muhtasari, mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, kwa hiyo mawingu ya radi hujengeka alasiri juu ya Serengeti, Tarime na nyanda za Kenya huku anga ya ziwa ikiwa safi. Usiku mambo hugeuka: bara hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa, na hewa yenye mvuke mwingi husukumwa juu hadi kuwa mawingu ya radi yanayofikia kilele chao kati ya usiku wa manane na alfajiri. Kwa kuwa upepo mkuu wa eneo hili hutoka mashariki, mahali pa makutano husogezwa magharibi, na dhoruba zinazoanzia upande wa kaskazini-mashariki wa ziwa huelekea kusini-magharibi. Musoma, iliyo ufukoni mashariki, huyaona mawingu hayo yakimulika upeo wa macho na kuondoka, nayo Bukoba huyapokea.

Gharama ya utaratibu huo ililipwa na wavuvi kabla wataalamu hawajauandika. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa za karabai zinazoelea ili samaki waifuate nuru, nao uvuvi huo uliotapakaa katika mialo ya Musoma na Bunda humweka mtu katikati ya ziwa saa zile zile ambazo pepo za nchi kavu zinakutana juu yake. Mvuvi anayeondoka mwaloni jioni chini ya anga iliyotulia hana sababu ya kuona hatari, kwa kuwa dhoruba itakayomkuta saa nane za usiku bado haijazaliwa. Na hata akirudi salama, mvua ya alfajiri na unyevu wa asubuhi huzuia dagaa walioanikwa mchangani wasikauke, wakaoza na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Na wengi hawarudi: Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa lote.

Upepo wa nchi kavu, hata hivyo, huvuma karibu kila usiku, na dhoruba kubwa hazitokei kila usiku. Hapa ndipo unyevu unapoingia. Wingu la radi hukua kwa kuifyonza hewa inayolizunguka, na kama hewa hiyo ni kavu, matone yaliyomo winguni hugeuka mvuke, wingu hupoa, hupoteza wepesi wake na kufa likiwa bado changa. Lakini kama hewa ya kilomita tatu au tano juu ya ardhi imejaa mvuke, wingu huendelea kupanda bila kudhoofishwa hadi kilomita 12 au 15. Vipimo vya setilaiti vilivyochambuliwa mwaka 2004 na Christopher Bretherton na wenzake vilionyesha kwamba mvua ya bahari za tropiki haiongezeki polepole kadiri unyevu unavyoongezeka, bali hubaki kidogo kwa muda mrefu na kisha kupaa kwa kasi pindi hewa inapokaribia kujaa.

Jambo la pili linahusu mpangilio. Mawingu hayaupokei unyevu tu, bali huugawa upya. Ndani ya kundi la mawingu hewa hupanda na kulowanisha anga. Nje ya kundi hewa hushuka, hukauka na kuzuia mawingu mapya yasizaliwe, hivyo penye unyevu huongezewa na pakavu huzidi kukauka, kama mali ya mwenye nacho. Mwaka 2005 Bretherton na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba hata juu ya bahari yenye joto linalolingana kila mahali, mawingu yaliyoanza yakiwa yametawanyika huweza baada ya wiki kadhaa kujikusanya katika doa moja lenye unyevu lililozungukwa na hewa kavu. Na mwaka 2012 Isabelle Tobin, Sandrine Bony na Rémy Roca waliona kwa setilaiti kwamba, mvua ikiwa kiasi kile kile, anga yenye mawingu yaliyokusanyika huwa kavu zaidi kwa jumla kuliko anga yenye mawingu yaliyotapanyika. Wastani mmoja wa mvua unaweza basi kuficha nchi mbili tofauti kabisa, moja ambayo kila kilima kimepata kidogo, na nyingine ambayo vilima vichache vimegharikishwa na vingine vyote vinakauka.

Matokeo hayo ya bahari yasihamishiwe ziwani bila tahadhari. Juu ya Ziwa Victoria mawingu hukusanywa kwanza na pepo na milima, ambazo hufanya kazi yake kwa saa chache, wakati kujikusanya kunakoonekana katika kompyuta kunahitaji majuma ya utulivu ambayo ziwa halipati kamwe. Lililo la hakika ni kwamba hali ya unyevu huamua kama usiku wa kawaida utageuka kuwa usiku wa dhoruba. Pepo za mashariki huwa zimepoteza sehemu kubwa ya unyevu wao zinapovuka nyanda za juu, hasa kati ya Juni na Agosti. Pepo za magharibi zinazotoka bonde la Kongo ni nadra, lakini zinapofika huja na hewa iliyolowa hadi juu, na mvua huongezeka sana. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipopita karibu na Madagaska, hewa ya magharibi ilivutwa kuja Afrika Mashariki, na masika ya mwaka huo yakawa miongoni mwa yenye mvua nyingi zaidi katika Kenya na nchi jirani.

Utabiri nao umebadilika kufuatana na elimu hiyo. Wim Thiery na wenzake, waliochunguza kwa setilaiti vilele vya mawingu makali, walionyesha kwamba radi nyingi za alasiri nchi kavu hufuatwa mara nyingi na dhoruba za usiku ziwani, kwa sababu huongeza unyevu na kuimarisha upepo baridi unaoshuka kuelekea majini. Kwa hiyo mawingu yanayoonekana Serengeti saa kumi jioni ni habari kwa mvuvi wa Musoma kabla hajawasha karabai. Mwaka 2016 walionya pia kwamba dhoruba kali za ziwani zitaongezeka nguvu kadiri dunia inavyopata joto, kwa kuwa kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyoanza kama wakala mwaka 1999 na kuwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, ina rada Mwanza inayolitazama ziwa, na hutoa utabiri kwa watumiaji wake. Na haja ya utabiri huo haijapungua: Mei 2020 maji ya ziwa yalifikia kina kilichoipita rekodi ya 1964.

Rada na setilaiti hulitazama kundi la mawingu kama lilivyo, lakini miaka yake bado ni michache, na historia ndefu ya mvua ya Mara imo katika madaftari ya wale makarani na walimu waliomimina chupa zao kila asubuhi. Daftari moja peke yake haliwezi kueleza mvua inayochagua vilima. Madaftari ishirini ya siku moja, yakiwekwa pamoja, huanza kuonyesha kundi la mawingu lilipita wapi. Popote daftari la namna hiyo lilipobaki, iwe katika misheni, shule, kiwanda cha kuchambulia pamba au ofisi ya kata, linastahili kunakiliwa kabla mchwa hawajalimaliza.